Mapatano Kabla ya Mwendo



Wiki hii naomba tufungue Kitabu cha Tobiti, sura ya tano. Tobiti ni mzee, amepofuka, mali imemwishia, na anakumbuka kwamba zamani aliweka talanta kumi za fedha kwa Gabaeli, huko Rage katika nchi ya Umedi. Anamwita mwanawe Tobia aende kuzichukua. Kijana anauliza maswali mawili ya mtu mwenye akili timamu: huyo Gabaeli atanitambuaje, na njia ya kwenda huko nitaijuaje? Mzee hakasiriki wala hamwambii kwamba mwenye imani haulizi. Anamweleza habari ya hati waliyoandikiana, kila mmoja akabaki na nusu yake, kisha anamtuma akatafute mtu mwaminifu wa kusafiri naye.

Mtu anapatikana. Sisi wasomaji tunajua kwamba ni malaika Rafaeli, lakini nyumbani kwa Tobiti hakuna anayejua. Basi wanamhoji kama mgeni yeyote. Ni wa ukoo gani? Njia anaifahamu? Anajibu kwamba amekwisha kuipita mara nyingi, milima na nyanda zake anazijua, na kwamba kutoka Ekbatana hadi Rage ni mwendo wa siku mbili. Kisha wanapatana ujira: drakma moja kwa siku, pamoja na matumizi ya njiani sawasawa na ya Tobia mwenyewe, na nyongeza wakirudi salama. Malaika anayesimama mbele ya utukufu wa Bwana anakaa kitako na kupatana posho ya safari! Kila nisomapo sura hii nasimama hapo kwa muda mrefu, kwa sababu inaniambia kwamba mbinguni hawadharau hesabu zetu ndogo za nauli, chakula na siku.

Nimeileta sura hii kwa ajili ya vijana wawili mnaowafahamu. Mmoja ni muumini wetu, fundi cherehani pale sokoni. Mwenzake ni Mlutheri, mwalimu wa shule ya msingi. Wamekua pamoja, wamechunga mbuzi pamoja, na sasa wameamua kupanda baiskeli kutoka hapa Bukoba hadi Namugongo, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni. Hawaendi na kikundi. Hakuna gari litakalowafuata nyuma na maji, wala mfadhili aliyewashonea fulana. Wanajipangia wenyewe kila kitu, na tangu Kwaresima ianze wamekuwa wakija kwangu jioni na daftari lao la mistari mikubwa, tunakaa barazani tunapanga.

Wapo kati yenu waliowaambia waache mahesabu. Mwachieni Mungu, mmesema, mkishatoka njia itajifungua yenyewe. Najua maneno hayo yametoka kwa watu wenye imani, na kwa heshima yote nayakataa. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka sura ya 14, aliuliza ni nani anayetaka kujenga mnara asiyeketi kwanza kuhesabu gharama. Mtume Yakobo aliwakaripia wale waliosema kesho tutakwenda mji fulani, tukae huko mwaka mzima tukifanya biashara; lakini alichowakaripia ni majivuno, kwamba walisema kana kwamba kesho ni mali yao. Ratiba hakuigusa. Mtu anaweza kuandika tarehe kwenye daftari kwa unyenyekevu mkubwa, na mwingine akaondoka bila daftari kwa kiburi kitupu, akitegemea kwamba wengine watamlisha, watamlaza na kumtibu.

Wengine mmeuliza kwa nini wasipande basi. Ni kweli, mabasi ya Kampala yapo, na mtu akiondoka asubuhi siku hiyo hiyo anafika. Lakini hija tangu zamani imekuwa safari ya mwili mzima. Maelfu wanaofika Namugongo kila mwaka hutembea kwa miguu majuma kadhaa kutoka pembe zote za Uganda, na wengine kutoka Kenya na kwetu Tanzania. Vijana hawa hawawezi kufunga kazi kwa majuma; mwalimu ameomba ruhusa ya siku chache tu, na fundi ana nguo za watu za kumalizia. Baiskeli inawapa njia ya katikati: mwendo wa taratibu kiasi cha kusalimiana na watu barabarani, na wa haraka kiasi cha kurudi kazini kwa wakati.

Sasa nije kwenye daftari.

Toka Bukoba hadi mpakani Mutukula ni kama kilomita 80. Mutukula hadi Masaka, kupitia Kyotera, ni kama 90. Masaka hadi Kampala ni kama 130, na Namugongo iko kilomita 15 hivi kaskazini mashariki mwa jiji. Jumla inapita kilomita 300. Baiskeli zao ni zile nzito za chuma zisizo na gia, mnazoziona kila siku zikiteremka na mikungu ya ndizi. Ukishafunga mzigo kwenye keria, mwendo wa haki katika barabara yenye vilima kama yetu ni kilomita 12 kwa saa, labda 15 kwenye tambarare. Kwa hiyo kilomita 60 ni saa tano za kukanyaga, na hapo hujahesabu pancha, mvua, chai, kuuliza njia, na kukaa chini ya mwembe jua linapokuwa la utosi.

Ratiba ya kwanza waliyonionyesha ilikuwa ya siku nne, kilomita 80 kila siku. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa mwalimu, na ilikuwa na kila kitu: saa ya kuamka, mahali pa kula, mahali pa kulala. Nikamgeukia fundi nikamwuliza, na wewe mwanangu, unaionaje? Akasema iko sawa, Padre. Nikamwuliza tena. Akatazama sakafu. Kisha akasema kwamba goti lake la kulia, lile aliloumia akicheza mpira, humuuma akikaa kwenye cherehani kutwa nzima, na akipanda mlima mrefu huvimba. Alikuwa hajamwambia rafiki yake. Aliogopa kwamba mwenzake angeahirisha safari, au angetafuta mtu mwingine.

Mwalimu alikaa kimya kidogo. Akachukua kalamu akapiga mstari kwenye ukurasa wote, akafungua ukurasa mpya, akasema, "Ndugu yangu, tuanze na goti lako."

Kwangu mimi hija yao ilianzia kwenye ukurasa ule. Urafiki wa miaka mingi unaweza kuishi vizuri hapa mjini bila mambo kama haya kusemwa, maana kila jioni kila mtu anarudi kwake, anakanda goti lake peke yake. Barabarani hakuna pa kujificha. Kile ambacho hamkuambiana barazani kitajitokeza chenyewe kwenye mlima, mkiwa mmechoka, njaa inauma na giza linaingia, na hapo kitatoka na hasira. Mungu ametupa nafasi ya kuambiana mapema, tukiwa tumeshiba na tumetulia. Upangaji wa safari ndiyo nafasi hiyo.

Ukurasa mpya uko hivi. Tarehe 28 Mei wanalala Kyaka, kama kilomita 50. Tarehe 29 wanavuka mpaka na kulala Kyotera. Hiyo ndiyo siku ndefu kuliko zote. Tarehe 30 ni fupi makusudi, Kyotera hadi Masaka, ili goti lipumzike. Kisha siku mbili za kuelekea Kampala kwa utulivu, wakipita Lukaya, ardhi ya majimaji ya Lwera, mstari wa Ikweta pale Kayabwe, na Mpigi. Tarehe 2 Juni, mkesha wa sikukuu, wawe Namugongo. Na wamekubaliana kwamba fundi ndiye atakayetangulia mbele siku zote. Mwenye nguvu akitangulia, hata awe na upendo kiasi gani, miguu yake humsahaulisha. Akigeuka, mwenzake yuko mbali na amekwisha kujichosha kumkimbiza. Lakini mwenye goti akiwa mbele, mwendo unakuwa wake, na mwenye nguvu anamwona muda wote.

Kwenye milima mikubwa wameruhusiana kuachana. Hilo nililipenda, maana Matendo ya Mitume sura ya 20 ina kisa kidogo ambacho mahubiri mengi hukipita. Wenzake Paulo walipanda merikebu kutoka Troa kwenda Aso, lakini yeye mwenyewe alitaka kwenda kwa nchi kavu. Luka hasemi kwa nini. Anasema tu kwamba ndivyo Paulo alivyokuwa ameagiza, na kwamba alipokutana nao Aso walimpakia wakaendelea. Wasafiri wema hawalazimiki kubanana kila hatua. Wanalazimika kujua Aso yao iko wapi. Vijana wetu wameandika: anayefika juu ya kilima kwanza anasubiri hapo hapo juu, na hakuna anayepita njia panda kabla hajamwona mwenzake kwa macho.

Kuhusu fedha mazungumzo yalikuwa magumu kuliko ya goti. Mwalimu ana mshahara wa mwezi, hata kama si mkubwa. Fundi anaishi kwa nguo zilizokamilika. Mwalimu alisema kwa moyo mweupe kwamba atalipia nyumba za wageni njia nzima. Fundi alikataa kwa sauti kali kidogo, wakanyamaziana. Nimewaona ndugu wa damu wakivunjana kwa jambo la namna hiyo, mmoja akidhani anatoa upendo na mwingine akipokea aibu. Tulikaa nalo hadi usiku. Mwishowe walipatana kwamba safari iwe na kipimo cha mfuko mdogo: kila mmoja atatia kiasi sawa, kiasi ambacho fundi anakimudu, na malazi na chakula vilingane na kiasi hicho. Kwa hiyo watalala kwenye parokia, sharika na shule zitakazowakubali, nami nimewaandikia barua za utambulisho. Mchungaji wa mwalimu naye ameandika zake. Mwalimu atakuwa na fedha nyingine pembeni kwa ajili ya ugonjwa au ajali, na hiyo wote wawili wanaijua, haina siri. Mfuko wa pamoja atautunza fundi. Kila jioni wataandika matumizi kwenye daftari kabla ya sala ya usiku.

Nauli ya kurudi imetengwa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Watarudi kwa basi, baiskeli zikiwa zimefungwa juu au kwenye buti. Wengi hupanga kwenda wakasahau kwamba kuna kurudi.

Karatasi ni hizi: pasipoti, au hati ya dharura kutoka Uhamiaji kwa yule ambaye pasipoti yake haijatoka, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, risiti za baiskeli ili wasije wakaulizwa wamezitoa wapi, na barua zetu. Zote ndani ya mfuko wa nailoni, maana mwisho wa Mei masika ya kwetu huwa bado inaaga.

Juzi Jumamosi tulizipeleka baiskeli kwa fundi baiskeli, mzee mmoja ambaye ametengeneza baiskeli za makatekista wa jimbo hili tangu mimi sijapewa daraja. Nawaomba siku moja mkae mkamtazame akifanya kazi. Aliigeuza baiskeli miguu juu, akalizungusha gurudumu la nyuma, akaweka kidole gumba karibu na rimu bila kuigusa. Gurudumu likawa linakaribia kidole na kukimbia, linakaribia na kukimbia. Akalisimamisha, akabana spoku mbili upande mmoja na kulegeza moja upande wa pili, robo mzunguko tu, akazungusha tena. Alirudia hivyo hadi nafasi kati ya kidole na rimu ikawa moja mzunguko mzima. Kisha akainamisha sikio karibu na ekseli akasikiliza goroli. Akasema, "Hizi zinalia, zitoke." Zilipotoka zilikuwa zimeliwa upande, nyingine zimepasuka. Akasafisha kwa mafuta ya taa, akaweka mpya na grisi mpya. Raba za breki alibadilisha zote nne bila kuuliza mtu, akiwaambia vijana kwamba mlima wa kupanda unachosha tu, ila wa kuteremka ndio unaoua.

Aliwafundisha pia kuziba pancha wenyewe, mmoja mmoja, mwingine akitazama: kutoa tairi kwa vijiko bila kung'ata tyubu, kutafuta tundu kwa beseni la maji, kupiga msasa, kupaka solusheni na kusubiri ikauke kabla ya kubandika kiraka. Mwalimu alikuwa na haraka ya kubandika. Mzee alimshika mkono.

Wanabeba tyubu mbili za akiba, viraka, solusheni, pampu, spana, spoku chache, kipande cha cheni. Nguo za kubadili seti moja moja. Chumvi na sukari za kuchanganya kwenye maji. Mafuta ya mgando kwa ajili ya michubuko ya mapaja, jambo ambalo hakuna anayelisema hadharani na ambalo humtoa mtu barabarani upesi kuliko malaria. Na wikiendi ijayo, wakiwa na mzigo wote kama ulivyo, wataendesha hadi Kemondo na kurudi. Kasoro yoyote ya mzigo, ya tandiko au ya goti ijitokeze hapo, karibu na nyumbani.

Babu yake fundi aliposikia njia watakayopita alimwita mjukuu wake akamweleza mambo ambayo familia haikuwahi kuyasikia yote. Barabara hii ya Kyaka, Mutukula na Masaka ndiyo barabara ya vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaingia Kagera hadi mtoni, na daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wetu walikimbia na watoto mgongoni, wengine hawakurudi. Mwanzoni mwa mwaka 1979 majeshi yetu yalivuka kwenda upande wa pili, na mji wa Masaka nao ukabomolewa vibaya, kabla Kampala haijaanguka tarehe 11 Aprili. Mzee amewaomba washuke kwenye baiskeli pale darajani, wavuke kwa miguu, na kuwaombea marehemu. Nami nimewaongezea: mkifika Masaka, fanyeni vivyo hivyo kwa ajili ya marehemu wa kule. Watoto wa Bukoba na watoto wa Masaka wana makaburi ya vita moja. Kijana anayepita barabara ile kwa basi akiwa amelala hawezi kuombea mahali asipopaona.

Barabara hiyo ina kumbukumbu tamu pia. Kadinali Laurean Rugambwa, ambaye kaburi lake liko hapa katika kanisa kuu na ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa kadinali katika nyakati zetu, alisomea upadre Katigondo, jirani na Masaka, akapewa daraja mwaka 1943. Na Masaka yenyewe ndiyo iliyopewa Askofu Joseph Kiwanuka, Mwafrika aliyewekwa wakfu mwaka 1939. Kabla ya mipaka kutufundisha kusema wao na sisi, Kanisa la pande hizi mbili lilikuwa likinywa maji ya ziwa moja. Ile siku fupi ya tarehe 30 wataitumia kufika Katigondo, fundi akipenda. Goti likikataa, hawatakwenda. Hilo nalo limeandikwa.

Mwalimu aliniuliza swali la haki: yeye Mlutheri anakwenda kutafuta nini kwa mashahidi wa Kikatoliki? Nilimwambia kwamba moto wa Namugongo haukuuliza madhehebu. Kati ya 1885 na 1887, kwa amri ya Kabaka Mwanga, waliuawa Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 wanaokumbukwa kwa majina, na kundi kubwa la hao lilichomwa pamoja tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa kwa Bwana. Namugongo kuna mahali patakatifu pa Wakatoliki na mahali pengine pa Waanglikana, jirani kabisa. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwakumbuka kwa heshima Waanglikana waliokufa kwa jina lile lile la Kristo. Watakwenda pote pawili, wote wawili pamoja.

Kuna jingine kuhusu mashahidi hao ambalo ningetamani vijana wetu wote walijue. Mwaka 1882 mapadre wamisionari waliondoka Buganda wakaja kusini mwa ziwa, huku kwetu, wakakaa Bukumbi karibu na Mwanza. Hawakurudi hadi 1885. Kwa karibu miaka mitatu Wakristo wachanga wa Buganda waliachwa bila padre, na wakajipanga wenyewe. Walifundishana, walisali, walihudumia wagonjwa, walisafiri kutembeleana. Padre aliporudi alikuta kundi limeongezeka. Kwa hiyo ninapowaona walei wawili wamekaa na daftari bila kungoja kiongozi wa kuwaandalia, nawaona wana wa ukoo ule.

Miongoni mwao walikuwamo Matia Mulumba na Luka Banabakintu, wote wawili wa jumuiya ya Mityana. Mityana iko mwendo mrefu magharibi mwa Kampala, na hakukuwa na barabara ya lami wala baiskeli. Walikamatwa pamoja wakasafirishwa pamoja kama wafungwa. Pale Kampala ya Kale, tarehe 27 Mei 1886, Mulumba alitengwa na wengine na kukatwa viungo, akaachwa peke yake kwenye majani, akafa baada ya siku tatu. Luka alipelekwa Namugongo akachomwa tarehe 3 Juni. Mapokeo yanasimulia kwamba walipotenganishwa waliagana kama marafiki, wakaahidiana kukutana kwa Mungu. Mwisho wa njia yao walikuwa wamekwisha kuupatana, ndiyo maana waliweza kuachana bila mmoja kumlaumu mwenzake wala kumsihi ageuke.

Mashahidi hao hawatuondolei ugomvi wa kawaida, nao nimewaonya wanangu kuhusu huo. Paulo na Barnaba waligombana juu ya nani aandamane nao, yaani Marko aende au asiende, na ugomvi ukawa mkali hata wakaachana: Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro, Paulo akamchukua Sila wakapita Siria na Kilikia. Mwinjili Luka hakuona haja ya kuficha. Miaka baadaye Paulo, akiwa kifungoni, anaandika Marko aletwe kwake. Vijana wetu wakikasirikiana kule Lwera jua likiwa kali, nimewaambia, washuke, wanywe maji, wale kitu, na mjadala usubiri jioni. Njaa imewasemesha watu wengi maneno ambayo moyo haukuyatuma.

Mama yake fundi amelia. Anna, mama yake Tobia, naye alilia, na Maandiko hayamwaibishi kwa hilo. Tobiti mumewe alibaki akihesabu kila siku, siku ngapi za kwenda na ngapi za kurudi, na zilipopita mtoto hajaonekana, hofu ikaingia nyumba nzima. Kumbe Tobia alikuwa amecheleweshwa na harusi yake mwenyewe. Nyumbani hapatulii pasipo hesabu. Kwa sababu hiyo nakala ya ratiba imebandikwa nyumbani kwa fundi, nyumbani kwa mwalimu na mlangoni pa sakristia. Watanunua laini ya Uganda pale Mutukula, na watapiga simu kila siku saa moja jioni. Simu isipopigwa jioni moja, tutasali na kungoja hadi saa sita mchana kesho yake, kwa kuwa chaji huisha na mtandao hupotea. Ikipita saa sita ndipo nitawapigia mapadre wa vituo vya njiani, ambao namba zao ninazo.

Kampala ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Magari, matatu zao wanazoziita teksi, na pikipiki zisizohesabika. Wamekubali kuingia jiji alfajiri, mmoja nyuma ya mwingine, wakiwa na vitambaa vyeupe mgongoni, na mahali penye msongamano kushuka na kusukuma. Hakuna fahari inayopungua kwa kusukuma baiskeli.

Basi, wapendwa, wanaondoka tarehe 28 baada ya misa ya alfajiri, na mchungaji wa mwalimu atakuwapo tuwabariki pamoja. Kyaka bado hatujapata pa kuwalaza. Mwenye ndugu huko mwenye chumba na kuta nne, aniambie Jumapili hii. Wanahitaji chupa nne za maji zenye vifuniko imara na tochi moja. Wenye nia za kuombewa Namugongo waziandike kwenye vipande vidogo vya karatasi na kuviweka kwenye kikapu cha mlangoni. Karatasi iwe nyepesi, kwa maana mzigo wa fundi umekwisha kupimwa, na goti lake tunalijua.